Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa NEMA kuhusu nikeli katika maji ya Nyamwamba

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,
Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira,
Kampala

Mheshimiwa,

Ninakuandikia kwa heshima, nikiwa mwalimu wa biolojia hapa Kasese, kuomba kwamba maji ya mto Nyamwamba yanayotoka upande wa Kilembe yapimwe nikeli kwa namna itakayotuonyesha hali ya viumbe wadogo waishio humo, kwa kuwa kipimo cha maabara ya kemia peke yake hakiwezi kutueleza hilo.

Mgodi wa Kilembe ulichimbwa shaba kuanzia 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mabaki yake yana pairiti (madini ya chuma na salfa), ambayo ikikutana na hewa na maji huzaa asidi ya salfuriki. Asidi hiyo huyeyusha shaba, kobalti na nikeli, na mvua huzisukuma kuelekea Ziwa George, eneo oevu ambalo Uganda ililiandikisha katika Mkataba wa Ramsar mwaka 1988. Mafuriko ya Nyamwamba ya 2013 na 2020 yalitukumbusha jinsi mto huu unavyoweza kubeba kila kilichoachwa kingoni mwake.

Shaba na kobalti husemwa sana, lakini nikeli hutajwa kwa kupita tu, jambo ambalo naliona kuwa kosa. Salfeti ya nikeli, ambayo ndiyo hasa hutokana na asidi hiyo, huyeyuka kwa urahisi kuliko oksidi ya nikeli, na ayoni zake, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, zikiwa huru majini huingia katika miili ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Kwa dafnia, mnyama mdogo wa jamii ya kamba, nikeli huvuruga uwiano wa magnesiamu mwilini. Kalsiamu na magnesiamu zilizomo katika maji magumu hushindana na nikeli na kupunguza madhara yake, hivyo kiasi kilekile cha nikeli huua zaidi katika maji laini.

Tofauti hiyo si ndogo. Katika majaribio ya saa 48, nusu ya wanyama wa spishi ya Ceriodaphnia dubia, jamaa wa dafnia, walikufa kwenye takriban maikrogramu 80 za nikeli kwa lita, maji yakiwa na ugumu wa miligramu 50 kwa lita (kwa kipimo cha kalsiamu kaboneti). Ugumu ulipofika karibu 250, ilihitajika nikeli ya takriban maikrogramu 400. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha maikrogramu 70 kwa maji ya kunywa. Kwa hiyo maji yanayokubalika kwa binadamu yanaweza kuwa karibu kabisa na kiwango cha kuua wanyama hawa kwa siku mbili, na wakikaa humo muda mrefu hudhurika kwa kiasi kidogo zaidi. Wavuvi wetu wanawategemea bila kuwaona, kwa maana vifaranga vya samaki aina ya ngege hula viumbe wa aina hiyo kabla ya kukua na kuhamia kwenye mwani.

Siku mbili zinatosha kuua, ilhali sampuli ya mara moja kwa mwezi inaweza kuchukuliwa baada ya wimbi la sumu kwisha kupita. Ndiyo maana ninaomba sampuli zichukuliwe mvua za kwanza zinapoanza kunyesha baada ya kiangazi, maji yachujwe ili nikeli iliyoyeyuka ijulikane, na ugumu, pH (kiwango cha asidi) na kaboni ya ogani (itokanayo na mabaki ya viumbe) viandikwe pamoja nayo, kwani bila hivyo tarakimu ya nikeli haisomeki. Ninaomba pia Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyoko Jinja wafanye majaribio ya saa 48 kwa spishi zinazopatikana Ziwa George lenyewe, wakitumia maji ya mto huu, kabla kibali chochote kipya cha uchimbaji Kilembe hakijatolewa.

Matokeo yakipatikana, yabandikwe katika ofisi za wilaya na katika mialo ya ziwa, kwa Lukonzo na Kiswahili pamoja na Kiingereza.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa biolojia, Kasese