Chakula baada ya mbio za Jumamosi

Wanajogging wenzangu, habari za jioni. Jumamosi tunapiga kilomita 15, kwa hiyo tuongee habari za tumbo mapema, maana kuna watu humu wakimaliza tu wanakimbilia soda na chipsi. Mnajijua.

Kamati italeta madafu na ndizi mbivu. Dafu lina potasiamu nyingi, ila sodiamu yake haitoshi kurudisha chumvi iliyotoka na jasho. Ukiona fulana imekauka ikabaki na michirizi myeupe, tafuta na kitu cha chumvi. Mayai ya kuchemsha na kachumbari yanafaa sana: matatu yana protini kama gramu 18, na misuli inajijenga kwa hiyo. Asiyekula mayai ale maharage au dagaa, au anywe mtindi.

Chai ya tangawizi itakuwepo, ya kutwanga mbichi. Tangawizi hupunguza maumivu ya misuli kiasi kwa wanaoitumia kila siku; kikombe kimoja hakifanyi muujiza. Manjano nayo ikae kwenye mchuzi wa nazi na pilipili manga, mwili huifyonza vizuri zaidi hivyo kuliko kuibugia na maji matupu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asianze kulamba manjano kwa vijiko kabla ya kumuuliza daktari.

Kila mtu aje na kikombe chake. Mchango wa madafu umfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.