Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Mwenyeji Wetu Ni Saa ya Televisheni

Ndugu wanachama,

Mwaka jana niliahidi kwamba kamati ingeshughulikia maswali mawili ambayo chama chetu cha watazamaji wa michezo kimekuwa kikiyajadili kila moja kivyake: nani apewe uenyeji wa mashindano makubwa, na sisi tunaobaki nyumbani tuyaone kwa njia gani. Leo nakiri kwamba tulikosea kuyatenganisha. Ni swali moja. Saa ya mechi, mji wa mechi, hata urefu wa mapumziko, hupangwa kwa kumtazama usoni aliyenunua haki za matangazo, na mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

Mambo ya ndani nayapitia haraka kwa sababu hayana uhondo. Hesabu atazisoma Mhazini. Vikao vya kamati vilifanyika vyote isipokuwa kimoja, kilichogongana na nusu fainali ambayo hakuna mjumbe aliyekubali kuikosa. Sikumwandikia mtu barua ya onyo, maana hata mimi sikutokea.

Kelele kubwa zaidi ya mwaka katika kundi letu la WhatsApp haikumhusu mwamuzi wala kocha. Ilihusu goli la mapema, yaani habari ya goli inayomfikia mtu kabla ya picha yake. Anayetazama kwa king'amuzi cha setilaiti hupata picha sekunde chache tu baada ya tukio. Anayetazama kwa intaneti, picha yake hukatwa vipande vipande, hubanwa, husafirishwa kutoka seva hadi seva, kisha simu yake huhifadhi vipande kadhaa kabla ya kuonyesha cha kwanza ili picha isikwamekwame. Akija kuona mpira wa kona unapigwa, mwenzake amekwisha shangilia na kuketi. Kamati ikapitisha kanuni: asiandike mtu chochote kuhusu goli mpaka zipite dakika mbili. Mwanachama mmoja akaanza kutuma alama ya moyo uliopasuka badala ya maneno, akidai kwamba hajaandika kitu. Shauri lake bado liko mezani.

Nalitaja jambo hili si kwa mzaha tu. Tunaambiwa kila mwaka kwamba intaneti ndiyo televisheni ya kesho, na wengi wetu tumelipia kampuni moja ambayo picha yake iliganda wakati wa penalti za mwisho na ikarudi timu zikiwa zinapeana mikono. Tuliandika barua ya malalamiko. Tulijibiwa kwamba maoni yetu ni muhimu.

Sasa niingie kwenye kiini.

Kiangazi kilichopita Marekani iliandaa Kombe la Dunia la Klabu lenye timu 32 na mechi 63, na wengi wetu tulilitazama bila kulipa, kwa kuwa mnunuzi wa haki alilionyesha bure mtandaoni duniani kote. Kwa upande wa kuonekana, sina la kulaumu. Kwa upande wa kuchezwa, ninayo mengi. Mechi nyingi zilipangwa adhuhuri au alasiri, saa zinazomfaa mtazamaji wa Ulaya jioni. Kule Cincinnati wachezaji wa akiba wa Borussia Dortmund walitazama kipindi cha kwanza dhidi ya Mamelodi Sundowns wakiwa chumba cha kubadilishia nguo, kwa kukimbia jua. Kule Charlotte, mechi ya Chelsea na Benfica ilisimamishwa kwa hofu ya radi ikiwa imebaki dakika chache iishe, na ikarudi baada ya karibu saa mbili. Fainali ikapewa onyesho la muziki wakati wa mapumziko. Sheria ya 7 ya soka inasema mapumziko yasizidi dakika 15. Sheria ipo, saa nayo ipo, na wote tulikuwa tunaitazama.

Hili si jipya. Mwaka 1970 fainali ya Kombe la Dunia katika mji wa Mexico City ilianza saa sita mchana, na ya 1994 kule Pasadena ilianza saa sita na nusu mchana, jua la utosi, ili Ulaya itazame jioni. Seoul 1988, fainali ya mita 100 wanaume ilikimbiwa saa saba na nusu mchana ili Marekani iipate usiku kabla watu hawajalala. Beijing 2008, fainali za kuogelea zilihamishiwa asubuhi kwa sababu hiyohiyo, na Michael Phelps akachukua medali zake 8 za dhahabu. Hakuonekana kuumia. Lakini waogeleaji wote maisha yao walizoea kuchuja asubuhi na kushindana jioni. Mpangaji wa ratiba ndiye aliyewageuzia mwili.

Kuna fedha nyuma yake, na si siri. Mwaka 1960 kampuni ya CBS ililipa dola 394,000 kuonyesha Olimpiki ya Rome nchini Marekani, na kanda zilipelekwa New York kwa ndege. Mwaka 2014 kampuni nyingine ya televisheni ya huko, NBC, ilikubali kulipa dola bilioni 7.65 kwa Olimpiki za kuanzia 2021 hadi 2032, na Machi 2025 ikaongeza dola bilioni 3 kufika 2036. Anayelipa hivyo haombi saa nzuri, anapewa.

Kwa Kombe la Dunia la 2026, FIFA imetangaza mapumziko ya maji ya dakika tatu katika kila kipindi, katika kila mechi, hata siku ya baridi. Sisemi wachezaji hawapati kiu. Nasema kiu inayofika kwa saa maalumu, hata chini ya paa lililofungwa, ina harufu ya tangazo la biashara. Baadhi ya wajumbe wa kamati wanaona ninazidisha. Tutahesabu matangazo Juni.

Kuhusu nani aone bure, nimebadili msimamo na nadai haki ya kuueleza. Zamani nilisimama hapa nikisema kila mashindano makubwa yaonyeshwe bure, basi. Nchi kadhaa zina sheria za kulinda matukio ya kitaifa: Uingereza ina orodha yake chini ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1996, Kombe la Dunia na Olimpiki zikiwamo, India ina sheria ya 2007 inayomlazimu mwenye haki kushirikisha mtangazaji wa umma. Bado naziunga mkono. Lakini Kombe la Dunia la Wanawake la 2023 lilinipa funzo. Miezi michache kabla ya kuanza huko Australia na New Zealand, rais wa FIFA alitishia kwamba nchi kubwa za Ulaya zisingeliona kabisa, kwa kuwa watangazaji wao, wengi wakiwa wa umma, walitoa fedha kiduchu ukilinganisha na za wanaume. Makubaliano yalipatikana Juni, mashindano yakaanza Julai 20. Tishio la kuwazimia watazamaji picha lilinikera. Hata hivyo hoja ilikuwa na mashiko: kuonyesha bure kusiwe kisingizio cha kununua kwa bei ya kutupa, kwa sababu fedha hizo ndizo zinazojenga timu. Baadhi yenu mlinipigia simu kunisuta kwa kusema hivyo. Nasema tena.

Na yakionyeshwa bure kwa heshima, angalieni kinachotokea. Septemba 2025 fainali ya Kombe la Dunia la Raga la Wanawake, England dhidi ya Kanada, ilikuwa bure kwenye televisheni ya umma ya Uingereza, na bado watu 81,885 walikuja uwanja wa Twickenham, London. Tumeimbiwa miaka na miaka kwamba picha ya bure huua tiketi. Nani aliyekufa pale?

Uenyeji sasa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika michezo hii mwenyeji mara nyingi huugua. Montreal iliandaa Olimpiki mwaka 1976 na ikamaliza kulipa deni la uwanja mwaka 2006. Manaus, katikati ya Amazon, ilijengewa uwanja wa Kombe la Dunia la 2014, uliochezewa mechi nne, wakati mji haukuwa na timu ya ligi kuu ya kuurithi. Matokeo yake wananchi wamejifunza kukataa. Hamburg ilikataa Olimpiki ya 2024 kwa kura ya maoni, Boston na Budapest zikajiondoa. Kwa Olimpiki ya majira ya baridi ya 2022 miji ya Ulaya ilijitoa mmoja baada ya mwingine, Oslo ikiwamo, mpaka ikabaki Beijing na Almaty. Beijing ikashinda kwa kura 44 dhidi ya 40. Desemba 2024 Kombe la Dunia la 2030 na la 2034 yalitolewa siku moja, kila moja likiwa na mwombaji mmoja tu, na yakapitishwa kwa makofi. Mkutano mkuu wetu huu una utaratibu mkali zaidi tukimchagua katibu msaidizi.

Wakubwa wamejibu kwa kugawanya mzigo. Kombe la 2026 ni la nchi tatu, Marekani, Kanada na Mexico, miji 16 na mechi 104. La 2030 litachezwa Hispania, Ureno na Morocco, huku mechi za kwanza zikienda Uruguay, Argentina na Paraguay. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Kugawana viwanja vilivyopo naunga mkono kabisa. Olimpiki ya Paris 2024 ilitumia viwanja ambavyo karibu vyote vilikuwapo tayari au vilikuwa vya muda, na ndivyo inavyotakiwa. Ila kuna tofauti kati ya majirani wanaopakana na ramani inayoruka bahari. Shabiki anayefuata timu yake kutoka Vancouver hadi Miami hafuati mashindano, anafuata uwanja wa ndege. Na kuna uenyeji wa jina tu: Kombe la Mabingwa la kriketi la mwaka huu lilikuwa la Pakistan, lakini India ilicheza mechi zake zote Dubai, na ilipofika fainali, fainali nayo ikachezwa Dubai. Mwenyeji aliangalia fainali yake kwenye televisheni, kama sisi.

Picha iliyonigusa kuliko zote mwaka huu ilitoka Tokyo. Uwanja wao wa taifa ulijengwa upya kwa ajili ya Olimpiki ya 2020, ikafanyika 2021 bila watazamaji. Wanariadha walivunja rekodi mbele ya viti vitupu vilivyopakwa rangi mchanganyiko. Septemba hii mashindano ya dunia ya riadha yalirudi palepale, na kwa siku tisa wakaingia watu zaidi ya 600,000. Mondo Duplantis, mruka kwa upondo wa Sweden, aliporuka mita 6.30, mbio zote za jioni ile zilikuwa zimekwisha na watu walikuwa hawajaondoka. Nilikuwa peke yangu sebuleni, na nilisimama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtazamaji wa nyumbani ananunua pia sauti ya walioko uwanjani. Wakipandishiwa tiketi mpaka washindwe, hasara ni yetu sote.

Ndiyo maana suala la tiketi za 2026 tulilivalia njuga. Bei zilizotolewa Desemba kwa mashabiki wa timu za taifa zilianzia dola 4,185 kwa fainali. Baada ya kelele za vyama vya mashabiki, FIFA ilitoa tiketi za dola 60 kwa kila mechi, fainali ikiwamo, lakini chache na kupitia mashirikisho ya nchi. Kwenye soko lake la kuuziana tiketi, FIFA inachukua asilimia 15 kwa anayeuza na asilimia 15 kwa anayenunua. Barua yetu ilikuwa moja kati ya nyingi na sijidanganyi kwamba ndiyo iliyowashtua.

Asiyekuwepo na lake halipo, na mtazamaji hayupo kwenye meza yoyote ya hayo yote. Kamati inaomba kibali chenu kwa mambo matatu mwaka ujao. Tushirikiane na vyama vingine kudai kwamba kila zabuni ya uenyeji ieleze wazi saa za mechi na nani ataziona bure, kabla ya kura na si baada yake. Tuendelee kudai mtangazaji anayesimulia mechi awe uwanjani. Siku hizi wengi hutangaza wakiwa studio mbali, wakitazama skrini ileile tunayoitazama sisi, na makosa yao tunayaona wazi. La tatu ni dogo: kanuni ya dakika mbili ibaki, na alama za moyo zihesabiwe kuwa maandishi.

Mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia la 2026 ni Juni 11 Mexico City, na fainali Julai 19. Kwa kuwa wanachama tumetawanyika, kwa wengine itakuwa mchana na kwa wengine usiku wa manane, Katibu ameandaa orodha ya zamu kwa wale watakaokesha kuwaandikia muhtasari walio kazini. Zamu za raundi ya makundi bado zina nafasi. Za fainali zimejaa, na mnajua nani alijiandikisha wa kwanza.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti