Dada, mwache Baba asimame

Dada, shikamoo.

Tulipoongea kwenye simu ulisema Baba sasa katulia: anaswali kalala, chakula unampelekea kitandani, hata maji ya udhu unammiminia wewe. Ujiji nzima inakusifu, na unastahili. Ila kuna jambo nataka tubishane, na naliandika hadharani kwa sababu nyumba zenye mgonjwa wa kiharusi ni nyingi, na karibu zote zinamlaza mzee wao hivyo hivyo, kwa mapenzi.

Mfupa una uhai. Kila siku mwili unaumega kidogo na kuujenga upya, na kinachouambia ujenge ni kazi: mguu ukanyage, misuli ivute. Upande uliopooza haukanyagi wala hauvutwi, basi kumega kunaendelea na kujenga kunabaki nyuma. Hali hiyo huanza mapema, miezi ile ile ya mwanzo, na mkono ndio hupoteza zaidi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2000 ulipima wingi wa madini kwenye shingo ya mfupa wa paja, pale karibu na nyonga: baada ya mwaka, wagonjwa ambao mwanzoni hawakuweza kutembea walikuwa wamepoteza karibu asilimia 10 upande uliopooza; waliokuwa wakitembea tangu mwanzo, karibu asilimia 3.

Na mfupa unaopungua hivyo hauumi. Hata eksirei ya kawaida hukuonyesha pale sehemu kubwa ya mfupa imeshakwenda. Mara nyingi watu hujua siku mgonjwa akianguka, naye huangukia upande ule ule dhaifu. Nyonga ya mzee ikivunjika, dada, huko kulala unakokuona sasa ni mchezo.

Kwa hiyo mwache asimame. Ratiba anayo tayari, swala tano. Kabla ya kila swala mkalishe ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili sakafuni, asubiri kizunguzungu kipite, kisha ainuke. Wewe kaa upande wake mbovu. Mfunge kanga kiunoni, umshikilie hapo. Mkono uliopooza usiuvute hata kidogo, bega litateguka. Akishasimama, tazama mguu mbovu nao ubebe uzito, kwa sababu atauegemea ule mzima tu na kukuambia yuko sawa. Unamjua Baba. Ikiwa magoti bado hayamshiki, muulize kwanza mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali. Yule mzee anayekuja kumchua kwa mawese aendelee kuja, Baba anampenda, lakini kuchua hakubebeshi mfupa uzito wowote.

Supu ya kongoro unayompikia ni tamu, ila kalsiamu yake ni ndogo kuliko sifa zake. Dagaa wa Kibirizi ndio wenye kalsiamu, maana wanaliwa na miiba yao. Kama bado anapaliwa, wachambue, uwatwange wawe unga, uutie kwenye uji mzito. Wasiwe wa chumvi, presha ndiyo iliyotufikisha hapa. Na mtoe uani apate jua la asubuhi mikononi na miguuni. La kupitia kioo cha dirisha halimsaidii mwili kutengeneza vitamini D. Vidonge vya kalsiamu usinunue kwa kuambiwa na jirani. Siku ya kliniki peleka dawa zote anazotumia, hasa ile aliyoanzishwa baada ya degedege, kwa sababu baadhi ya dawa za kifafa hupunguza vitamini D. Daktari aamue.

Limebaki la choo. Usiku sakafu ile huwa na maji, kandambili zake zimeisha soli, na taa iko mbali. Nimekutumia hela kwenye simu. Fundi afunge bomba la chuma ukutani, upande wa mkono wake mzima, lifikie kiuno chake. Asikudanganye kwamba mbao inatosha. Itakayobaki nunua viatu vya kufunga nyuma, na taa.