Mpango wa elimu: someni hivi kabla ya Jumamosi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kwa kikao cha Jumamosi hapa Chake Chake, msianze na utangulizi wa mpango; fungueni jadweli la viashiria, yaani vipimo vya kuonesha kama mpango umefikia malengo, huko nyuma kabisa. Hapo ndipo mkono wa wafadhili unapoonekana. Katika mikopo ya kulipa kwa matokeo, Benki ya Dunia hutoa fedha baada ya kiashiria kuhakikiwa, kwa hiyo kinachohesabiwa ndicho kinachokimbiliwa. Kikiandikwa "vitabu vilivyofikishwa skuli", hata vikifungiwa kabatini kimetimia, na mtoto hajashika kitabu. Hili linaumiza, tulisemee.

Kila mmoja achague viashiria viwili, aandike pembeni: kinapima nini, nani anahakiki, fedha za nani.

Kwenye bajeti, Azimio la Incheon la 2015, makubaliano ya kimataifa kuhusu elimu, linahimiza elimu ipate angalau asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya umma, au asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa. Angalieni fedha zilizotoka, si zilizopangwa tu, wengi huzichanganya.

Walio Unguja tutawaunganisha kwa simu. Maandishi yaletwe hapa kabla ya Ijumaa alasiri.