Mdogo wangu, kuhusu lenzi unayoitafuta

Mdogo wangu,

Shangazi kaniambia unatafuta lenzi ndefu ya kulenga kwa mkono, yenye tundu kubwa, na kwamba umemkataza asiniulize mimi. Kaniuliza. Simu zangu hupokei, basi nakujibu hapa hapa.

Chukua ya milimita 135 yenye tundu la f/2. Usivutwe na bei ya 200 ya f/4: f/2 inaingiza mwanga mara nne ya hiyo, na wewe tangu zamani unapenda kupiga usiku kwa taa ya kibarazani, bila flashi. Nikkor ya zamani ya Nikon, toleo la AI-S, ni chuma kitupu, na pete yake ni nzito kidogo, inazunguka polepole, ndiyo maana unaweza kulenga jicho na si nyusi. Samyang nayo ni nzuri sana. Za Canon FD zina bei nafuu kwa sababu Canon wenyewe walianza kuuacha mfumo ule mwaka 1987, lakini kwa kamera yako isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) adapta ya kawaida inatosha.

Kabla hujalipa, imulike kwa tochi ya simu kwa nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, irudishe. Ile ya baba, si unakumbuka? Joto la Tanga na ule mfuko wa ngozi ndivyo vilivyoimaliza.

Halafu ukishaipata, punguza tundu mpaka f/2.8 kama mtu anacheka. Nilikuambia hivyo mchana ule wa harusi ya dada, mara mbili. Hukusikia. Umeme ukakatika, mama akawa anamfunga dada kikuba cha asumini kwenye nywele, mashangazi wamesema neno, mama kaangua kicheko, nawe ukabonyeza kwa f/2. Kwa umbali wa mita mbili, f/2 ya 135 inakupa kina cha ukali kisichofika sentimita tatu. Asumini zilitoka moja moja, unaweza kuzihesabu. Macho ya mama yakaingia ukungu.

Nikakuvua kamera shingoni, nikaifuta picha mbele ya wapambaji wote. Nikasema unajaza kadi kwa takataka.

Kadi ilikuwa moja. Upande wa bwana harusi walikuwa wananisubiri mimi, si wewe. Mpiga picha yeyote wa harusi angefuta picha ile, na ningekuwa nimeajiriwa ningefuta tena. Lakini wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa na ile ilikuwa kamera yako.

Miezi minne baadaye tukawa tunatafuta picha ya mama ya kukaa nayo. Zangu zilikuwa mia mbili na zaidi, zote kali. Katika zote amebana midomo kama yuko kwenye foleni ya kitambulisho. Ulinitazama pale sebuleni, hukusema kitu, ukabeba begi lako. Hata arubaini hukungoja. Hilo nalo sijalisahau, mdogo wangu.

Kadi ile sikuitupa. Nimeipitisha kwenye programu za kurudisha picha mara tatu. Ya kwako imerudi kipande cha juu tu: vidole vya mama, kikuba, kisha chini yake ni kijivu kitupu, maana niliendelea kupiga harusi juu yake. Nakala anayo shangazi. Akikupigia, usimkatie.