Mwanangu, kabla hujaibamiza pedi ya gemu

Tabata, Dar es Salaam

Mwanangu,

Kabla hujaibamiza pedi ya gemu ukutani kwa hasira, jiulize: umekufa au umefungwa humo kwa nini?

Ukiwa na jibu, kwamba uliruka mapema mno au ulimfuata mshambuliaji ukaacha uwazi nyuma, basi hasira hiyo ni sehemu ya utamu. Mwaka 2004 Mmarekani Nicole Lazzaro aliigawa raha ya gemu mafungu manne, na fungu hili la kuhangaika mpaka ushinde aliliita raha ngumu. Unapigwa weee, halafu siku unapopita unajikuta umenyanyua mikono juu. Ukikwama kwa bosi mmoja, yaani adui mkubwa anayekuzuia kusonga mbele, cheza raundi tano za kukwepa tu, usimguse. Hesabu anachukua muda gani kujiandaa kabla ya kila pigo. Raundi ya sita mpige mara moja kila anapomaliza, kisha rudi nyuma. Wengi huuawa na tamaa ya pigo la pili.

Gemu ikiwa na kipimo cha ugumu, kishushe bila haya. Gemu ya Celeste ya 2018 inakuruhusu kupunguza kasi kwa asilimia kumi kumi mpaka nusu. Anza na asilimia 80, mkono ukizoea panda.

Lakini ukisema "nilibonyeza, hakuruka", hapo kurudia mara mia hakukufundishi kitu. Anza na televisheni. Gemu ya picha 60 kwa sekunde hutoa picha mpya kila milisekunde 16 na ushee. Televisheni iliyowekwa kwenye hali ya sinema huipamba kila picha kabla ya kuionyesha, na wakati inapamba wewe umeshachelewa. Nenda kwenye mipangilio ya picha, washa hali ya gemu.

Kisha mtandao, na hapa sisi wa Dar tunabanwa na umbali. Mwanga ndani ya mkongo wa intaneti hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu ya mtandaoni, ikiwa London, iko kama kilomita 7,500 kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 75, na mkongo wa baharini haunyooki hivyo. Johannesburg ni kama kilomita 2,500, yaani milisekunde 25 kabla ya mizunguko. Gemu ikikupa kuchagua seva, jaribu Afrika Kusini kwanza. Kununua bando kubwa zaidi hakufupishi safari. Na ukicheza kwa hotspoti ya simu, ogopa ping (milisekunde za kwenda na kurudi kwenye seva) inayorukaruka kuliko ping kubwa: 150 iliyotulia mkono huizoea, 60 inayopanda ghafla mpaka 300 haizoeleki.

Wazee wa bao wana mashimo 32 na kete 64, zote ziko wazi. Ukifungwa, umefungwa na mtu, si na televisheni wala mtandao.

Kuna hasira nyingine inayotengenezwa makusudi. Gemu ya simu inakupeleka mserereko hatua za mwanzo, halafu ghafla nguvu zinaisha: subiri saa kadhaa au lipa. Hapo hakuna kosa la kurekebisha, maana ukuta umewekwa ili uuziwe mlango. Masanduku ya bahati, unayoyalipia bila kujua kilichomo, ni mabaya zaidi. Ubelgiji mwaka 2018 iliyatamka baadhi yake kuwa kamari. Usiweke namba ya siri ya pesa ndani ya gemu yoyote.

Raha ya kwenye kibanda cha gemu, ya aliyefungwa anampisha mwenzake, ni ya watu. Lazzaro aliona watu hucheza hata gemu wasiyoipenda ili wakae na marafiki. Siku umechoka, ifuate hiyo.

Mwisho, pedi yako. Mchezaji wa kwenye skrini akitembea bila kuguswa, kijiti cha kumwongoza kwa kidole gumba kimelika: ndani yake kuna kipande cha kaboni kinachosuguliwa kila ukisukuma. Kwanza ongeza eneo la kutosikia, yaani msukumo mdogo wa kijiti ambao gemu huupuuza, kwenye mipangilio ya gemu, kidogo kidogo mpaka atulie. Ikishindikana, mpe fundi abadilishe kijiti kizima. Kina miguu 14 ya kulehemu, usijaribu mwenyewe. Mwulize kama ana cha sumaku, hicho hakina kaboni ya kulika. Ukitaka kuipuliza vumbi tu, na ni pedi ya PS4, fungua skrubu 4 za nyuma, na usivute vifuniko kwa nguvu: kuna utepe mwembamba unaoviunganisha, na ukikatika pedi haichaji tena.

Mama yako