Barua ya Wazi: Mheshimiwa, Miali ya Angani Haikukata Mabomba Kibuye

Kwa Mheshimiwa Afisa wa Mazingira,

Natumai u mzima. Jina lako sitalitaja. Waliokuwapo barazani wanakujua.

Mimi ni fundi wa friji hapa Kibuye, Kisumu, mwaka wa 19 sasa. Jumanne, lori mlilotuma kubeba friji kuukuu lilisimama mbele ya kibanda changu. Vijana wakakata mabomba wapate shaba, gesi ikatoka fsss, friji baada ya friji. Nilipowauliza wakacheka: "Mzee, hiyo ni hewa tu."

Siku mbili baadaye, barazani, ukatuambia kwamba kuharibika kwa ozoni, lile tabaka la huko juu linalotukinga na jua kali, na joto hili ni kazi ya miali ya angani, yaani chembe ziendazo kasi zitokazo mbali kwenye nyota, basi tumwachie Mungu. Ukapigiwa makofi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Wewe, Mheshimiwa, umelivuka jua ukasingizia nyota.

Nikaenda kusoma. Yuko profesa Kanada, Qing-Bin Lu, asemaye miali hiyo huzalisha elektroni zinazovunja kemikali zenye klorini, kama gesi za friji kuukuu, na klorini hiyo ndiyo hula ozoni, kwenye mawingu ya barafu huko ncha za dunia. Wanasayansi wengi hawamkubali. Wanashikilia waliyoeleza Molina na Rowland mwaka 1974, kwamba kinachozivunja ni mwanga mkali wa jua huko juu. Lakini hata kwa huyo Lu, bila gesi zetu miali haina cha kuvunja! Tena sumaku ya dunia huizuia mingi zaidi huku kwenye ikweta. Na ikweta yenyewe inapita Maseno, si mbali na ofisi yako.

Gesi za friji ziitwazo R-12 na R-22 zina klorini. Gesi nyingine ya friji, 134a, haina, haili ozoni, ila hushika joto zaidi ya mara 1,300 kuliko kaboni dioksidi ya uzito huo huo. Nami nimeimwaga mara nyingi, nakiri. Ningeiweka wapi, kwenye chupa ya soda?

Ulituahidi mashine ya kunyonya gesi. Tuliandikisha majina, tukapigwa picha, tukala mandazi yenu. Labda iko stoo. Labda iko kwa shemeji ya mtu, sijui. Najua tu kwamba mama muuza samaki hulipia mtungi mpya wa gesi kila friji yake ikivuja, na uso ananikunjia mimi.

Sitaki semina, Mheshimiwa, wala fulana. Mashine. Moja tu. Hata iliyokwisha kutumika. Ileteni hata Jumapili, mtanikuta kibandani.

Wako,
Fundi wa friji, Kibuye